Nyekundu, Njano na Kijani: Rangi ya Hoho Inatoka Wapi, na Kwa Nini Bustani Yako Inaishia Kijani

Sokoni hoho za kijani hupangwa mafungu chini, na zile nyekundu na za njano huwekwa pembeni kwa bei yake. Ukiziangalia hivyo ni rahisi kuamini kwamba hayo ni mazao matatu tofauti. Wauzaji nao hukazia: hii ya kawaida, hii ya rangi. Basi unamkuta mtu anahangaika miezi mizima kutafuta mbegu ya hoho nyekundu, kumbe mche wa hoho nyekundu anao nyuma ya nyumba. Anachofanya ni kuuvuna kabla haujafika.

Hoho ya kijani ni tunda bichi. Karibu kila hoho uliyowahi kuila ikiwa kijani ingegeuka rangi kama ingeachwa kwenye mche wiki mbili mpaka nne zaidi. Nyingi zingekuwa nyekundu, baadhi njano au chungwa, kutegemea mbegu. California Wonder, mbegu iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1928 na ambayo bado inapatikana kwenye maduka mengi ya pembejeo huku kwetu, hugeuka nyekundu. Wengi wanaoipanda hawajui, kwa sababu hawajawahi kuiacha.

Hizo wiki mbili mpaka nne ndizo zinazopandisha bei. Tunda linaloning'inia muda wote huo linaendelea kula chakula cha mche, na mche wenye matunda mengi yanayoiva husita kutoa maua mapya. Juu ya hapo kuna jua linalobabua, funza, ndege, mvua ya ghafla na mtoto wa jirani. Mkulima anayechuma kijani anapata matunda mengi zaidi na mapema zaidi. Anayesubiri rangi anapata machache, na katika hayo machache mengine yanaoza njiani. Usimlaumu sana muuzaji.

Ndani ya tunda

Chukua hoho iliyoanza kugeuka, ile yenye doa la kahawia begani. Doa hilo watu huliona kama dalili ya kuoza, na wengi huichuma haraka kuiokoa. Ikate. Utaona nyama yake ni ngumu, haina harufu mbaya, na rangi ile ya kahawia imepenya mpaka ndani. Kinachoonekana pale ni rangi mbili zimekaa moja juu ya nyingine: kijani kinachoondoka na nyekundu inayoingia. Ukiiacha siku chache zaidi kijani kinakwisha na wekundu unabaki peke yake.

Kijani ni klorofili, ileile ya majani. Tunda likianza kuiva, vifuko vidogo vilivyobeba klorofili ndani ya chembe hai hubadilika kazi: vinaivunja klorofili na kujaza mahali pake rangi za kundi la karotenoidi. Ni kundi lilelile linaloipa karoti na viazi lishe rangi yake ya chungwa. Hoho nyekundu ina karotenoidi yake maalumu, kapsanthini, na ili kuitengeneza mmea unahitaji kimeng'enya kimoja, yaani protini inayogeuza kitu kimoja kuwa kingine, mwishoni mwa safari. Hoho ya njano ni ile ambayo jeni ya kimeng'enya hicho imeharibika. Safari inakatikia njiani, na tunda linabaki na rangi za hatua za kabla, ambazo ni za njano. Kwa maneno mengine, hoho ya njano imeiva kabisa. Haisubiri kuwa nyekundu, na ukiisubiri utaishia kuipoteza.

Zile za zambarau ni habari nyingine. Zambarau haitoki kwenye karotenoidi bali kwenye anthosayanini, rangi iliyo pia kwenye ganda la biringanya na kwenye kabeji nyekundu, na kwenye hoho hukaa karibu na ngozi tu. Ukiikata, nyama ya ndani ni ya kijani kibichi au nyeupe. Inaonekana tunda likiwa bado changa, na likiiva mara nyingi huwa jekundu kama mengine. Kwa hiyo ukiinunua hoho ya zambarau umenunua tunda bichi lenye vazi zuri. Kwenye kachumbari inapendeza, lakini ukiitia kwenye sufuria ya moto rangi inafifia na kubaki kijani kilichochakaa. Binafsi siielewi bei yake.

Kuna na ya rangi ya chokoleti. Hiyo mmea wake umeshindwa kuvunja klorofili: wekundu unaingia lakini kijani hakiondoki, na jumla yake ni kahawia. Ni lile doa la begani, limebaki la kudumu.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba kazi yote hii hufanyika tunda likiwa mtini. Hoho si kama ndizi au parachichi, vitu unavyoweza kuvichuma vikiwa vigumu ukavivundika. Ukiichuma kijani kabisa, itakaa kijani mpaka inyauke. Ikiwa imeshaanza kugeuka, tuseme robo au nusu, inaweza kumalizia ikiwa imewekwa juu ya meza jikoni. Huo ndio mwanya wa mwenye bustani ndogo: chuma ikiwa nusu, uiepushe na ndege na mvua, uimalizie ndani.

Mbegu uliyoikausha dirishani

Watu hununua hoho nzuri ya njano, wakakwangua mbegu, wakazikausha kwenye kisosi, wakazipanda. Zinaota. Baadaye matunda hutoka madogo, membamba, yamepinda, au rangi si ile. Lawama huenda kwa udongo.

Hoho kubwa za rangi zinazouzwa mjini mara nyingi ni za mbegu chotara, yaani mtoto wa kwanza wa wazazi wawili waliochaguliwa kwa makusudi. Mtoto huyo anafanana na ndugu zake wote, lakini watoto wake yeye hawafanani. Kila mche unachukua mchanganyiko wake. Hata hivyo rangi ina kanuni yake ambayo inasaidia. Kwa kawaida wekundu hufunika unjano. Hoho nyekundu inaweza kuficha ndani yake urithi wa njano, na mbegu zake zikatoa miche ya namna mbili. Hoho ya njano haina wekundu wa kuficha, kwa hiyo mbegu zake, kama hazikuchavushwa na jirani mwekundu, huelekea kutoa njano tena. Umbo na unene wa nyama ndivyo vitakavyokuangusha.

Mbegu za hoho ya kijani usihangaike nazo. Tunda bichi, mbegu nazo bichi.

Na hapohapo liondoke lile la dume na jike. Imeenea sana kwenye simu zetu: hoho yenye vitako vinne, yaani vile vinundu vya chini, ni jike na ni tamu, yenye vitatu ni dume na ni ya kupikia. Ua la hoho lina sehemu ya kiume na ya kike ndani ya ua lilelile, na tunda halina jinsia. Idadi ya vitako inategemea aina ya mbegu na hali ya hewa ua lilipokuwa linajiunda. Mche mmoja unakupa yenye vitatu na yenye vinne.

Je, pilipili kichaa itaziharibu?

Hofu nyingine ni ya kupanda hoho karibu na pilipili kali. Inasemekana ukali utahamia. Kuna ukweli mdogo ndani yake, nao uko mahali tofauti na watu wanapoutafuta.

Ukali hutokana na kapsaisini, na kapsaisini hutengenezwa kwenye ule utando mweupe wa ndani unaoshikilia mbegu. Si kwenye mbegu zenyewe, ingawa mbegu huonekana kali kwa kuguswa na utando. Utando huo ni mwili wa mama, yaani wa mche uliozaa tunda. Nyuki akileta chavua ya pilipili mbuzi kwenye ua la hoho yako, tunda litakalotoka bado litakuwa na utando wa mama yake, na mama yake ni hoho isiyo na uwezo wa kutengeneza kapsaisini. Litakuwa tamu kama kawaida. Kilichobadilika ni mbegu zilizo ndani. Ukizipanda hizo, msimu ujao utapata mche wa hoho unaochoma, kwa sababu ukali hufunika utamu kama wekundu unavyofunika unjano.

Kwa hiyo kama unanunua mbegu kila msimu, panda popote. Kama unatunza mbegu zako, tenga umbali, au lifunge ua kwa kitambaa chepesi kabla halijafunguka mpaka tunda lishike, kisha litie alama kwa uzi.

Na mkono ukiwaka baada ya kukata pilipili mbuzi, maji hayasaidii sana kwa sababu kapsaisini haiyeyuki vizuri ndani yake. Paka mafuta ya kula kwanza, sugua, kisha osha kwa sabuni. Mdomoni, maziwa. Ndege hawana shida hiyo. Kipokezi cha joto kwenye mishipa yao ya fahamu hakiitikii kapsaisini kama chetu. Kipokezi hicho kwa wanyama kama sisi ndicho kilichompatia mwanasayansi David Julius Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021, na alikipata kwa kutumia hiyohiyo pilipili. Kwa mwenye bustani maana yake ni moja: usitegemee ukali wa pilipili kichaa kuwafukuza ndege. Wanazila vizuri, na kuzipanda tena kwenye ua wa jirani.

Kuufikisha mche kwenye rangi

Hapa ndipo penye kazi. Kupata hoho ya kijani kunahitaji mche uishi. Kupata ya rangi kunahitaji mche uishi muda mrefu, ukiwa na majani ya kutosha kufunika matunda yake, bila kukatizwa.

Kikwazo cha kwanza pwani ni joto la usiku. Hoho hushika tunda vizuri mchana ukiwa nyuzi 20 hadi 28 hivi na usiku ukiwa na ubaridi kidogo. Mchana ukipita nyuzi 32, na usiku nao ukikaa juu ya 24, maua hudondoka. Mwenye bustani Dar es Salaam anayepandikiza Novemba atapata majani mazuri Januari, maua mengi, na chini ya mche zulia la maua yaliyokauka. Atatia mbolea, na mbolea itaongeza majani. Dawa ya hilo ni kalenda. Sia mbegu Aprili kwenye trei au makopo yaliyokingwa mvua ya masika, hamisha miche mwishoni mwa Mei mvua ikipungua, na maua yatakutana na usiku wa Julai ulio mtulivu. Agosti una za kijani. Septemba zinageuka.

Milimani mambo ni kinyume. Lushoto, Mgeta au Njombe joto halina ubaya wowote kwa maua. Baridi ya Juni na Julai ndiyo inayozisimamisha, na Njombe baridi hiyo ni kali kweli. Huko sia mapema zaidi, au ngoja baridi iishe. Ndiyo maana ushauri wa kupanda hoho uliochukuliwa kwa rafiki wa Mombasa na kupelekwa Nyeri hausaidii mtu, hata kama wote wawili wanasema kweli.

Kuhusu chombo: ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha mche mmoja, na kiroba cha mchele cha kilo 25 kilichokunjwa mdomo kinafanya kazi ileile. Sehemu mbili za udongo na moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza. Samadi mbichi ya kuku ni kali na ina naitrojeni nyingi. Mche utakuwa mkubwa, wa kijani cha kuvutia, na mchoyo wa matunda. Bustanini acha sentimita 45 kati ya mche na mche, 60 kati ya mistari.

Mbegu huota ndani ya wiki moja hadi mbili kukiwa na joto. Miche hukaa kitaluni wiki tano hadi nane, mpaka iwe na majani matano au sita ya kweli. Ua la kwanza kabisa, lile linalotokea pale shina linapogawanyika, lichume. Inauma, lakini tunda lile moja likiachwa huuzuia mche kukua. Matunda mawili matatu ya mwanzo yavune yakiwa kijani, ule. Yanayofuata ndiyo ya kuachia, wakati mche una nguvu na kivuli chake mwenyewe. Utaratibu huu unatuliza pia ule ugomvi wa nyumbani kati ya anayetaka kupika leo na anayetaka kuona rangi.

Maji yawe ya mfululizo. Ukiacha udongo ukauke mpaka upasuke kisha ukaufurikisha, tunda huota doa bovu, jeusi na lililobonyea, karibu na kitako. Huo si ugonjwa wa kupuliziwa dawa. Ni kalisi, yaani madini ya kalsiamu, kushindwa kufika mwisho wa tunda kwa sababu maji yanayoibeba yalikatika. Matandazo ya majani makavu, unene wa kiganja, yanaokoa zaidi ya dawa yoyote ya dukani. Doa jeupe au la rangi ya karatasi ubavuni, upande unaotazama magharibi, ni jua la mchana limebabua. Hilo hutokea zaidi kwa wale waliopunguza majani ili "tunda lipate mwanga". Tunda halihitaji mwanga ili ligeuke rangi. Majani ndiyo yanayouhitaji.

Wadudu wengine utawaona: vidukari wanaojikusanya kwenye ncha changa, nzi weupe wanaoruka ukitikisa mche, utitiri usioonekana ila majani ya juu yanajikunja na kukakamaa. Maji yenye sabuni kidogo, yakipuliziwa chini ya majani jioni, huwapunguza wakiwahiwa. Mnyauko wa bakteria hauna hodi: mche mzima unalegea ndani ya siku chache ukiwa bado wa kijani na udongo una unyevu. Ng'oa, tupa mbali, na usirudishe pale hoho, nyanya, biringanya, nyanya chungu wala viazi mviringo, kwani wote ni ukoo mmoja na wanaugua pamoja. Mahindi au kunde zichukue zamu. Mvutaji sigara aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche. Kirusi cha mosaiki ya tumbaku kinasafiri kwenye vidole, na tumbaku nayo ni ya ukoo huohuo.

Mche uliomaliza msimu usiung'oe kama una afya. Kwetu hakuna theluji ya kuuua. Ukate matawi ubaki urefu wa goti, utie samadi, na unaweza kukuzalia tena.

Rangi sahanini

Hoho nyekundu ni tamu kuliko ya kijani kwa sababu imekusanya sukari zaidi, na ule uchungu wa majani umeondoka. Vitamini C nayo imeongezeka: gramu 100 za hoho mbichi ya kijani zina miligramu 80 hivi, za nyekundu karibu 130, wakati mtu mzima anahitaji kati ya 75 na 90 kwa siku. Kuna kisa kinachosimuliwa na mwenyewe mhusika. Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa mji wa Szeged huko Hungaria, aliandaliwa pilipili nyekundu mezani jioni moja akawa hana hamu nayo. Akapata kisingizio cha kuipeleka maabara. Ikawa chanzo cha vitamini C aliyokuwa akiihangaikia, kwa wingi ambao hakuwahi kuupata, na mwaka 1937 akapewa Nobel.

Joto huivunja vitamini C, kwa hiyo sehemu ya hoho ya rangi iende kwenye kachumbari. Karotenoidi ndizo zinazopenda sufuria: zinavumilia moto, na zinahitaji mafuta kidogo ili mwili uzichukue. Hoho nyekundu iliyokaangwa na kitunguu haijapoteza rangi yake wala sehemu hiyo ya faida yake. Mchicha mwekundu una tabia nyingine. Rangi yake ni betalaini, inayoyeyuka kwenye maji, na ndiyo maana ukiuchemsha maji yanakuwa mekundu na majani yanabaki na kijani kilichofifia. Usiyamwage; pikia humohumo. Kabeji nyekundu ikigeuka bluu sufuriani, kamulia ndimu na itarudi kuwa waridi, kwa sababu anthosayanini hufuata uchachu.

Isipokuwa usiipeleke kanuni ya kusubiri kila mahali. Nyanya chungu, ngogwe kama wengine wanavyoziita, huliwa zikiwa nyeupe au kijani. Zikianza kuwa rangi ya chungwa zimeshapita, ngozi imekuwa ngumu na uchungu umezidi. Hizo ndizo za kuachia mbegu. Biringanya iliyopoteza mng'ao na kuingia unjano vivyo hivyo. Na nyanya za kawaida zilizoiva katikati ya joto kali la pwani zikabaki na mabega ya njano hazijakosa mbolea: wekundu wa nyanya haujengeki vizuri joto likipita nyuzi 30, na kuzisubiri zaidi ni kuzilainisha bure.

Ya kijani nayo ina mahali pake. Kwenye mishkaki, kwenye rosti ya maini, kwenye maharage ya nazi, ule uchungu wake mdogo unakata mafuta, na nyekundu ikiwekwa hapo inageuza chakula kuwa kitamu mno. Nyekundu kaichome mzimamzima juu ya mkaa mpaka ngozi iwe nyeusi kote, uifunike kwenye bakuli dakika kumi, umenye ngozi kwa vidole bila kuiosha, utoe mbegu. Ponda na punje mbili za kitunguu saumu, chumvi na ndimu. Inaliwa na muhogo wa kuchemsha.